Wakulima wa Chini ya Vioo

Namna nilivyofika Mng'aro sitaieleza. Njia ilikuwa ndefu, nikachoka, nikafika. Anayetaka habari za vumbi na viatu kukatika atazipata kwa wasafiri wengine, ambao mara nyingi hawana jingine la kusimulia. Mimi nilitumwa na kijiji chetu nikatazame jambo moja tu: watu wanaishije baada ya kukodisha mashamba yao ili yasimikwe vioo vya kuvuna jua. Wenye vioo walikuwa wameshafika kwetu na mkataba wao, tumewapokea kwa soda na biskuti, na wazee wakasema kabla ya kuweka dole gumba mtu mmoja aende akajionee. Nilichaguliwa mimi kwa kuwa nina maneno mengi na mkutano ulitaka kupumzika.

Nchi ni nzuri, na nisiposema hivyo nitakuwa mwongo. Kutoka mlima hadi mlima ni vioo, safu kwa safu, vimeinamishwa kulielekea jua, na chini yake majani mabichi yamefupishwa vizuri kuliko kichwa cha bwana harusi. Kondoo walikuwa wamelala kivulini, wanene, wasafi, kila mmoja na kipande cha shaba sikioni. Nilisimama kwenye uzio nikajisemea kwamba hawa watu wamepatia. Jua linavunwa juu, majani yanaliwa chini, na mwenye shamba anapokea kodi yake akiwa ameketi kibarazani. Nikaanza hata kuipanga kichwani taarifa nitakayowapelekea wenzangu.

Nilipokewa na mzee mmoja aitwaye Bwana Sengondo na mkewe Bi Zawena. Walikuwa na binti, Tunu, aliyeolewa mbali, kwa hiyo wao kwa wao waliitana Baba Tunu na Mama Tunu. Alfajiri ya kwanza nilimwona Bwana Sengondo akishusha jembe ukutani. Lilikuwa jembe linalong'aa, mpini umepakwa mafuta. Akachukua na chupa ya maji, akatoka. Nami nikamfuata, maana nilitaka kujua mtu aliyekodisha shamba lake lote analima wapi.

Hakulima popote. Wanaume wa mtaa mzima walikuwa wamejipanga kwenye uzio, kila mmoja mbele ya lile lililokuwa shamba lake, majembe mabegani. Walisimama kimya wakiwatazama kondoo. Jua lilipopanda kiasi, kila mmoja alifungua chupa yake, akamimina maji kiganjani, akajipaka kwenye paji la uso na kuyaacha yatiririke mpaka shingoni. Kisha wakageuka, wakarudi nyumbani kwa mwendo wa watu waliochoka. Milangoni wake zao walikuwa wanasubiri.

“Poleni na kazi,” wakasema wanawake.

“Tumeshapoa,” wakajibu wanaume, na mmoja akajishika kiuno.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, nikidhani ni mchezo, na ya kwamba wenyewe nao wangecheka. Hakuna aliyenikaripia. Bwana Sengondo aliangalia tu chini, maji yakidondoka puani kwake, akaniambia polepole, “Mgeni wetu, hapa hatucheki asubuhi.” Kicheko kikanikauka. Sikumbuki ni lini mtu alinistahi kiasi kile huku mimi nikiwa sina adabu.

Bi Zawena ndiye aliyenieleza, kwa sababu ni mwanamke asiyeweza kumung'unya maneno. Alinimiminia chai, akaketi kwenye kigoda, akaanza.

Sheria ya zamani ya Mng'aro, iliyoachwa na mababu zao, ni fupi. Kila shamba lazima liwe na mkulima, na lisilo naye linarudi kwa wananchi wote. Wenye Vioo walipokuja, sheria hiyo iliwakaa kooni. Mtu hawezi kulima chini ya vioo vyao, maana mtu husimama, na akisimama hutia kivuli, na kivuli juu ya kioo ni wizi wa jua. Ndipo wakaletwa kondoo. Kondoo ni mfupi, harukii juu ya vioo kama mbuzi, hatafuni nyaya, na haombi likizo. Ikabaki kuamua kama kondoo anaweza kuitwa mkulima. Baraza la nchi lilikaa, wataalamu wakabishana mchana kutwa, na mwishoni wakatoa tafsiri ambayo hadi leo imechongwa juu ya mlango wa ukumbi: Mkulima ni kiumbe ambaye mdomo wake unagusa ardhi aliyopewa. Watu wote waliokuwa ndani walipiga makofi. Walipotoka nje, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mkulima tena.

“Hata mimi nilipiga makofi, mwanangu,” akasema Bi Zawena. “Nilidhani wanawaheshimu wanyama.”

“Na haya majembe ya asubuhi?”

“Hiyo ni aibu tu. Mwanaume amezoea kutoka. Atakaa ndani namtazama, ananitazama? Kwa hiyo wanatoka, wanajilowesha, wanarudi, nasi tunawapa pole. Huo ndio uungwana wetu siku hizi. Na wewe usiwacheke.”

Nilikaa Mng'aro muda wa kutosha kuzijua sheria nyingine. Mwavuli ni marufuku karibu na uzio. Watu warefu hupita hapo wakiwa wameinama, na wazazi wenye watoto wanaorefuka haraka huwa na wasiwasi. Wingu likifunika jua, kila mtaa huteua mtu wa kwenda ofisi za Wenye Vioo kuomba radhi kwa niaba ya wingu. Masika yote huitwa msimu wa samahani. Mvua ikinyesha watu hujifungia ndani, wala hawathubutu kuonekana wakiifurahia. Niliuliza umeme wenyewe unakwenda wapi, kwani Bi Zawena alikuwa anapika kwa kuni na kibatari chake kilikuwa kinatoa moshi. Wakanionyesha nyaya zilizopita juu ya mapaa yao. “Unapita,” wakanijibu, kwa heshima ile ile ambayo mtu huitumia kumtaja mkubwa asiye na nafasi ya kushuka.

Nyama ya kondoo hailiwi kabisa. Kumla mkulima ni jinai. Bwana Sengondo alinong'ona kwamba wakulima wameliwa siku zote, ila haikuwa kwenye sahani. Ndiyo mzaha pekee niliousikia kutoka kwake, na alipoutoa aligeuka kutazama mlango.

Nilikwenda pia kulitazama Baraza likiwa kazini. Viti vya mbele vimeondolewa, pametandikwa majani, na hapo ndipo wanapoketi wakulima, yaani kondoo walioteuliwa. Pembeni yao hukaa Bwana Ndaro, Msemaji wa Wakulima, mtu mnene kidogo, mwenye sauti laini na viatu visivyojua tope. Siku hiyo hoja ilikuwa kuhusu kivuli kilicho chini ya vioo: je, ni mali ya Wenye Vioo au ni mali ya ardhi? Upande mmoja ulisema kivuli kinazaliwa na kioo, na mtoto ni wa mzazi wake. Upande wa pili ulisema kivuli kinalala juu ya ardhi, na mpangaji lazima alipe pa kulala. Walitajiana vifungu. Walikunywa maji. Mmoja aliomba mwongozo, akapewa, akaomba mwongozo juu ya mwongozo. Katikati ya yote kondoo mmoja akalia, mlio mmoja tu, nadhani alikuwa na kiu. Bwana Ndaro akasimama na kufunga vifungo vya koti.

“Mheshimiwa mkulima,” akasema, “anaishukuru serikali, anawashukuru Wenye Vioo, anaomba kivuli kiongezwe, na hoja anaiunga mkono kwa asilimia mia moja.”

Ukumbi ukapiga meza.

Baadaye nilimfuata nje nikamwuliza anajuaje wanachokisema. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu wa shamba aliyeuliza choo kiko wapi katikati ya sherehe.

“Ndugu mgeni, tangu nianze kazi hii hakuna mkulima hata mmoja aliyewahi kunipinga.”

“Na wale wakulima wa zamani? Watu?”

“Hao nao nilikuwa nawasemea mimi. Walikuwa wagumu kidogo. Mara nyingine walijibu.”

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nisiweze kuipeleka nyumbani ile taarifa nzuri niliyokuwa nimeipanga.

Jikoni kwa Bi Zawena, juu ya mafiga, palining'inia mashuke ya mtama yaliyofungwa kwa kamba, meusi kwa moshi. Nilidhani ni pambo la kizamani. Akaniambia ni mbegu za mama yake, na mama yake alipewa na mama yake. Mtama mfupi, haufiki kiunoni, punje nyekundu, na uji wake hauhitaji sukari. Hakuna mwingine Mng'aro aliyebaki nao. Zilipaswa kupandwa kila mwaka na kuvunwa upya, lakini tangu vioo vije hazikuwa zimeingia ardhini.

“Zimeshapitwa na masika mawili,” alisema. “Mwaka huu zikipitwa tena hazitaota. Nazijua. Mbegu nayo inachoka kusubiri.”

Alichotaka kilikuwa kidogo mno hata nikaona aibu kwamba kilikuwa kinaombwa. Kati ya uzio na safu ya kwanza ya vioo, kwenye lile lililokuwa shamba lao, kulikuwa na ukanda wa ardhi mwembamba, upana wa mkeka wa kulalia, ambapo jua lilifika chini na hata kondoo hawakupajali. Mtama wake ungekaa hapo bila kutia kivuli kioo chochote. Aliandamana nami hadi Barazani, akavua ndala mlangoni, akasimama mbele ya Bwana Ndaro, akalisema ombi lake.

Bwana Ndaro alimsikiliza mpaka mwisho. Lazima nimtendee haki: hakuwa na ukali hata kidogo.

“Bi Zawena, sheria haikukatazi kupanda. Sheria inasema anayepanda awe mkulima. Swali langu ni moja tu, wewe ni mkulima?”

“Mheshimiwa, nimelima tangu sijajua kujifunga kanga.”

“Sikukuuliza ulikuwa nani. Wengi walikuwa.” Akatabasamu. “Lakini sisi hatubagui. Mlango uko wazi kwa kila kiumbe. Omba ukaguliwe kama walivyokaguliwa wenzako.”

Akamweleza masharti. Mwombaji ataingia ndani ya uzio kwa kupitia mlango wa wakulima, ambao ni mdogo, kwa magoti na mikono. Atainamisha kichwa chini ya ukingo wa vioo. Atagusa ardhi kwa mdomo, atakata majani kwa meno, na atameza. Kisha mtu wa nyumba yake atasimama shahidi na kutamka maneno ya sheria: Namshuhudia, mdomo wake uko ardhini, huyu ni mkulima. Hapo atavishwa shaba sikioni na kupewa haki zote.

Nilingoja Bi Zawena aondoke pale kwa hasira. Aliuliza tu ukaguzi unafanyika lini.

Nyumbani Bwana Sengondo alipoambiwa aliweka kikombe chini.

“Mama Tunu, usifanye hivyo. Watu watatuonaje?”

“Watu gani, Baba Tunu? Hao wanaojimwagia maji usoni?”

Bi Zawena alipandisha macho kuitazama ile mitama juu ya moshi, na sauti yake ikalainika.

“Mimi nataka Tunu akija hapa na wanawe wakute kitu nilichopewa na mama yangu. Niwaonyeshe nini, vioo? Vioo si vyetu. Magoti ni yangu, yataniuma, yatapona. Wewe utasema yale maneno tu. Utayasema?”

“Nitayasema,” akasema Bwana Sengondo.

Ukaguzi ulifanywa asubuhi, kwenye uzio, wanaume wote wakiwa pale pale na majembe yao, kwa kuwa ndiyo saa yao. Bi Zawena alijifunga kanga vizuri kiunoni, akakaza nyingine kichwani, akapiga magoti mbele ya kile kimlango. Alikuwa mtu mzima sana. Goti la kwanza lilishuka, la pili likakataa, akalishika kwa mkono na kulishusha. Akaingia. Kondoo walimtazama, wakasogea kumpisha, na nadhani hiyo ndiyo heshima pekee aliyoipata siku hiyo. Akainama. Tukasikia majani yakikatika kwa meno, sauti ndogo, kavu, na baadaye tukamsikia akimeza.

Hakuna aliyecheka. Wanaume walitazama viatu vyao, nami nilitazama vyangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nilimwonea haya kila mtu aliyekuwapo isipokuwa yule aliyepiga magoti, na zaidi nilijionea haya mimi, kwa kuwa tu nilikuwa nimesimama wima.

“Shahidi,” akaita Bwana Ndaro.

Bwana Sengondo alijitokeza. Mkononi alikuwa na chupa yake ya maji, imejaa, kizibo hakijafunguliwa, na uso wake ulikuwa umelowa wote. Akamtazama mkewe pale chini.

“Huyu ni mke wangu,” alisema. “Amelima shamba hili tangu nimwoe. Alikuwa mkulima kabla hajapiga magoti, na hakuwa na haja ya kupiga magoti.”

Ilikuwa kauli nzuri. Ilipita kwenye ule mstari wa wanaume, wakanyanyua vichwa, mmoja akapiga jembe lake chini. Mimi moyo ulinijaa. Nusura nipige makofi. Viganja vyangu vilikuwa vimeshanyanyuka.

Bwana Ndaro alishauriana kidogo na karani wake.

“Shahidi ameeleza kwamba mwombaji hakuwa na haja ya kupiga magoti,” alisema kwa ile sauti yake laini. “Sheria inadai mdomo. Ushahidi haujakidhi masharti. Ombi limekataliwa.”

Bi Zawena alikuwa bado yuko chini. Aliinua kichwa, jani likiwa limemganda mdomoni.

“Baba Tunu, umefanya nini?”

“Nimesema kweli, Mama Tunu. Sikuweza. Nimesema kweli.”

“Kweli ungeisema siku ile ulipoweka dole gumba! Leo nilitaka maneno yao tu, yale waliyokupa. Nimekula majani mbele ya mtaa mzima, wewe umeshindwa kula maneno?” Akalifuta lile jani mdomoni. “Umesafisha uso wako. Mbegu zangu umeziua.”

Alirudi kinyumenyume, kwa kuwa kimlango hakina nafasi ya kugeukia, na hakumruhusu mtu yeyote amshike mkono. Viganja vyangu nilivishusha taratibu. Nilikumbuka wale watu waliopiga makofi ukumbini wakatoka nje wakiwa si kitu, nikaelewa jinsi jambo lile linavyotokea, na jinsi linavyokuwa tamu wakati linatokea.

Mchana ule wote hawakusemeshana. Yeye alikaa jikoni chini ya mbegu zake. Mumewe alikaa kibarazani na kisu, akiukata mpini wa lile jembe linalong'aa. Aliukata mpaka likabaki jembe la kushika kwa mkono mmoja, la mtu anayelima akiwa chini. Sikumwuliza kitu. Nilikuwa nimeshajifunza kutocheka. Sasa nilikuwa najifunza kunyamaza, somo ambalo kijiji chetu kingelipia kwa furaha.

Kesho yake Bwana Sengondo hakujipanga na wenzake. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Ndaro na kujiandikisha kama mwombaji. Msemaji alifurahi sana. Alisema ni mwanaume wa kwanza, na kwamba ni mfano wa kuigwa. Wale wenzake walipofika kwenye uzio walimkuta ameshapiga magoti, mzee aliyekuwa akiongoza ngoma za mavuno enzi zile, aliyewahi kuwaozea watoto wao. Akapita kwenye kimlango. Akaweka mdomo chini. Alikata majani, akatafuna, yakampalia, akakohoa hadi machozi yakamtoka, akakata tena.

“Shahidi.”

Bi Zawena alikuja mbele. Alisimama akiwa amenyooka, karibu kabisa na uzio ambapo watu huinama, akatamka kwa sauti iliyomfikia kila mmoja:

“Namshuhudia, mdomo wake uko ardhini, huyu ni mkulima.”

Wakamvisha shaba. Hutobolewa sikio kwa koleo, kwa mbano mmoja, na tone la damu likamdondokea begani. Wanaume wote waligeuza nyuso pembeni. Bwana Ndaro alimpongeza na kumwarifu kwamba kuanzia siku ile asihangaike tena kuzungumza Barazani, kwani yeye Msemaji atamsemea.

Ukanda ule ukawa wake kuulima, kwa sharti kwamba aufanye akiwa kwenye magoti. Bi Zawena hakuruhusiwa kuingia, maana yeye si mkulima. Basi alichutama nje ya uzio, akapukuchua mtama wake kiganjani, akawa anampitishia mumewe punje chache chache kwenye matundu ya waya.

“Usizifukie sana. Kidole kimoja tu. Hapo umebana, sogea.”

“Hapa?”

“Hapo. Sasa funika. Taratibu, Baba Tunu, si kaburi hilo.”

Alimwelekeza hivyo mpaka ukanda ukajaa. Alimtazama mikononi tu, hakumtazama usoni, na yeye pia hakuthubutu kumtafuta macho. Sijui kama huko ni kusameheana. Wanaume wengine walikuwa wamefungua chupa zao na kujipaka maji kama kawaida, lakini siku hiyo walijipaka haraka haraka, kila mtu ameelekea upande wake.

Njia ya kurudi nyumbani ndiyo ninayoiona mpaka leo. Wanaume walitangulia, na milangoni wanawake wakawaambia poleni na kazi, nao wakajibu wameshapoa. Nyuma yao alikuja Bwana Sengondo, magoti yamejaa udongo, shati limemganda mgongoni kwa jasho, jasho lenyewe, lenye harufu yake. Kila mlango aliofika, mwanamke aliyesimama pale alifungua kinywa, akasita, akaingia ndani. Pole yao ilikuwa ya watu wasiofanya kazi. Kumpa mtu aliyefanya kazi kweli kungekuwa ni kumtukana, au kungekuwa ni kuwatukana wengine wote, na hawakuwa na neno jingine. Alipita mtaa mzima hivyo, bila salamu, mkono umefunika lile sikio.

Bi Zawena alikuwa amemtangulia kwa njia ya nyuma. Alimngoja mlangoni kwake.

“Pole na kazi, Baba Tunu.”

Mzee alisimama.

“Nishapoa, Mama Tunu,” alisema, akaweka jembe chini, akalia.

Niliondoka wakati mitama imeshatoa majani mawili mawili. Bi Zawena alikuwa amebakiza punje kidogo. Alinifungia kwenye kitambaa akaniambia nizipande kwetu mapema, mapema sana, kabla wageni hawajamaliza soda zao.

Nilipofika nyumbani mkutano uliitishwa, nami nikasimulia yote, kama nilivyosimulia hapa, sikupunguza. Watu walicheka sana. Walipenda hasa sehemu ya kondoo kulia na Msemaji kufunga vifungo, walitaka niirudie. Niliporudia nilijisikia nikiibana sauti yangu ili ifanane na ya Bwana Ndaro, na nikafurahia vicheko. Nilipofika kwenye magoti ya Bi Zawena wengine walisema naongeza chumvi. Mwenyekiti akauliza swali moja.

“Na hao kondoo wa huko, wananona?”

“Wananona,” nikasema, kwa sababu ni kweli.

Hakukuwa na swali jingine. Uzio umewekwa kabla masika hayajaisha, na kondoo wameshushwa kutoka kwenye lori, weupe, wapole. Kitambaa cha Bi Zawena kinaning'inia juu ya mafiga yetu. Mke wangu ameshaniuliza tutazipanda wapi, mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili kwa macho.

Leo asubuhi nimekutana na kaka yangu mkubwa, Hemedi, anatoka upande wa uzio na jembe begani. Palikuwa na baridi na mawingu yametanda, lakini paji lake la uso lilikuwa limelowa na maji yanamtiririka hadi kwenye kola. Akasimama mbele yangu, macho chini, anasubiri. Ni kaka yangu, amenilea. Nisingeweza kumwacha amesimama vile.

“Pole na kazi, kaka,” nikasema.

“Nishapoa, mdogo wangu,” akajibu. Kisha akanitazama mkononi, nami nikaificha chupa yangu ya maji nyuma ya mgongo.